Kufumbua Maandishi kwa Njia ya Mwalimu Grotefend: Somo la Vipindi Viwili kwa Shule za Mombasa

Somo hili linahitaji vipindi viwili vya dakika 40, karatasi moja ya A4 kwa kila kikundi cha wanafunzi wanne, na mwalimu ambaye si lazima ajue lugha yoyote ya kale. Likimalizika, wanafunzi watakuwa wamesoma maandishi mawili ya alama wasizozijua, bila kupewa ufunguo, kwa hatua zilezile alizopitia Georg Friedrich Grotefend mwaka 1802 alipoyasoma majina ya wafalme wa Uajemi ya kale.

Mombasa inafaa kwa somo hili kuliko miji mingi. Ina orodha ya maliwali wa Kimazrui waliorithiana ndani ya ukoo mmoja, na ina watu waliozoea kumtaja mtu kwa nasaba. Mtoto anayejua kwamba Rashid bin Salim ni mwana wa Salim bin Ahmad, na kwamba huyo Ahmad naye ana baba mwenye jina lake, ameshashika nusu ya kazi kabla kengele haijalia.

Shika jambo moja tu: Grotefend hakuanza na alama. Alianza kwa kujiuliza maandishi ya mfalme hayana budi kusema nini. Somo likiharibika, mara nyingi ni kwa sababu darasa limeachiwa kuhesabu alama na kubahatisha herufi.

Mtu mwenyewe, kwa dakika kumi

Usimtambulishe kama bingwa wa mambo ya Uajemi. Alikuwa mwalimu wa Kilatini. Alizaliwa Münden, katika nchi ya Hannover, tarehe 9 Juni 1775, mtoto wa fundi viatu. Alisoma kwao, kisha Ilfeld, na mwaka 1795 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen alikosoma Kigiriki na Kilatini kwa Christian Gottlob Heyne. Heyne ndiye aliyempendekeza mwaka 1797 awe mwalimu msaidizi katika shule ya sekondari ya mji huo. Tangu hapo alikula mshahara wa shule: Göttingen kwanza, Frankfurt kuanzia 1803, na mwishowe Hannover, alikokuwa mkuu wa shule kuanzia 1821 hadi alipostaafu 1849. Alifariki Hannover tarehe 15 Desemba 1853.

Walimu wenzake walimjua zaidi kwa sarufi. Aliifanyia marekebisho sarufi ya Kilatini ya Wenck, ikatoka kwa juzuu mbili mwaka 1823 na 1824, kisha akaandika ndogo ya shule mwaka 1826. Baadaye alichambua Kiumbria (1835 hadi 1838) na Kioski (1839), lugha mbili za Italia ya kale zilizobaki katika maandishi ya kuchongwa tu. Na mwaka 1799, kabla ya kugusa maandishi ya Uajemi, alikuwa ametoa kitabu cha Kilatini juu ya wazo la mwandiko mmoja ambao watu wa lugha zote wangeweza kuusoma. Hili la mwisho usiliruke. Linaonyesha kwamba uhusiano wa alama na maana ulikuwa ukimshughulisha tangu zamani, na kwamba mwaka 1802 si bahati iliyomwangukia.

Kuna kisa kinachopendwa sana, kwamba yote yalitokana na ubishi katika matembezi na Fiorillo wa maktaba ya Göttingen: je, maandishi yanaweza kusomwa ikiwa lugha yake na mwandiko wake vyote havijulikani? Kiseme kwa sentensi moja na upite. Kikirefushwa, wanafunzi hutoka wakikumbuka ubishi na kusahau hoja.

Majina nayo yanachanganya, hata katika vitabu. Kuna Tychsen wawili: Oluf Gerhard Tychsen wa Rostock, aliyetambua alama inayotenganisha maneno, na Thomas Christian Tychsen wa Göttingen, aliyeiwasilisha kazi ya Grotefend mbele ya wanazuoni wa mji huo. Kuna Niebuhr wawili: Carsten, msafiri aliyenakili maandishi, na mwanawe Barthold Georg, mwanahistoria wa Roma. Wakina Grotefend nao ni wengi. Mjukuu wake Hermann ni bingwa wa hesabu za kalenda za zamani, na mwanafunzi akitafuta jina kwenye intaneti huweza kuleta picha ya huyo. Mwagize aandike majina yote matatu. Matamshi: d ya mwisho ya Kijerumani husikika kama t, basi ni Grotefent, Heyne ni Haine, Niebuhr ni Nibur.

Alichokuwa nacho mezani

Darasa likielewa sehemu hii, hatua zinazofuata hazitaonekana kama mazingaombwe. Champollion, aliyesoma maandishi ya Misri ya kale, alikuwa na jiwe la Rosetta, lenye ujumbe mmoja pia kwa Kigiriki alichokijua. Grotefend hakuwa na kitu cha namna hiyo. Alikuwa na nakala za maandishi ya Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi ya kale, zilizochukuliwa na Carsten Niebuhr mwaka 1765 na kuchapishwa 1778. Mwandiko wenyewe ni wa kikabari: kila alama imeundwa kwa michoro midogo yenye umbo la kabari. Niebuhr alikwisha kuona kwamba pale kuna miandiko mitatu tofauti, na kwamba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Hilo la pili alilithibitisha kwa njia nyepesi: alipata andiko lilelile mara mbili likiwa limekatwa mistari mahali tofauti.

Juu ya hayo, Tychsen wa Rostock alikuwa ameonyesha mwaka 1798 kwamba kabari moja iliyolala mshazari ni mpaka wa maneno. Friedrich Münter wa Copenhagen alikisia kwamba neno linalorudiwarudiwa ni “mfalme”. Na Silvestre de Sacy, katika kazi iliyotoka Paris mwaka 1793, alikuwa amesoma maandishi ya wafalme Wasasani, waliotawala Uajemi karne nyingi baadaye. Yale yalifuata mtindo mmoja: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani, mfalme mkuu.

Hapo ndipo mwalimu wa Kigiriki alipotumia cha kwake. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alikuwa amempa nasaba ya wafalme.

Kwa hiyo darasa lako nalo lipewe vitu vitatu tu: maandishi mawili, nasaba, na fununu kwamba watawala hujitaja kwa mtindo mmoja. Kwa fununu hiyo huna haja ya kwenda mbali. Juu ya lango la Fort Jesus kuna andiko la Kireno la mwaka 1639 ambamo Francisco de Seixas de Cabreira anataja jina lake, cheo chake, umri aliopata nao ukapteni na mambo aliyoyafanya. Umri huo ni miaka 27, sawasawa na wa Grotefend mwaka 1802. Ni sadfa tu, lakini wanafunzi huipenda.

Karatasi ya kikundi

Chapisha haya kama yalivyo. Namba ni alama, si hesabu. Mkwaju ( / ) ni mkwaju. Maandishi yametungwa kwa ajili ya somo na hayako kwenye ukuta wowote wa Mombasa, na wanafunzi waambiwe hivyo mapema wasije wakaenda Mji wa Kale kuyatafuta.

Andiko la kwanza:

12-5-11-7-12-12-7-2 / 3-9-14-7-3-9 / 12-8-5-15-14-7 / 3-9-14-7-3-9 / 14-7 / 12-7-3-9-14-7-3-9 / 3-9-14-7-3-9 / 14-7 / 12-6-9-1-7 / 12-14-7-13-7 / 14-7 / 5-1-11-12-7-13 / 12-7-4-10-5-9

Andiko la pili:

7-11-12-7-2 / 3-9-14-7-3-9 / 12-8-5-15-14-7 / 3-9-14-7-3-9 / 14-7 / 12-7-3-9-14-7-3-9 / 3-9-14-7-3-9 / 14-7 / 12-6-9-1-7 / 12-14-7-13-7 / 14-7 / 12-5-11-7-12-12-7-2 / 3-9-14-7-3-9 / 12-7-4-10-5-9

Chini yake weka nasaba: Uthman hakuwa liwali. Wanawe Muhammad na Ali walikuwa maliwali. Wana wa Muhammad waliotawala ni Abdallah na Ahmad. Mwana wa Ali aliyetawala ni Sulaiman. Kati ya wana wa Ahmad waliotawala wamo Abdallah na Salim. Mwana wa Salim ni Rashid. Ukitaka mtego zaidi, mwongeze Masud bin Nasir, ambaye naye alikuwa liwali. Ataondoka mwenyewe kwa kuwa hana mwana katika orodha.

Tahadhari ya kwanza, na ndiyo inayoharibu vikundi vingi: tahajia. Nusu ya darasa wataandika Mohamed, wengine Muhamadi, wengine Athmani. Ukiliandika jina kwa herufi saba wakati fumbo lina alama nane, hutatoka. Kwa hiyo majina yaandikwe kama yalivyo kwenye karatasi, na ueleze kwa nini. Grotefend alikumbana na tatizo hilihili kwa ukali zaidi. Mfalme ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Ahasuero, Wagiriki walimwita Xerxes, na yeye mwenyewe alijiita Khshayarsha. Jina la Kigiriki lingempeleka kombo. Ilimbidi atafute sura za Kiajemi na za Kiebrania, na kwa Hystaspes, baba wa mfalme Dario, akaifuata sura ya Goshtasp aliyoikuta katika tafsiri ya Avesta, maandiko matakatifu ya Wazoroasta, ya Anquetil-Duperron, iliyotoka 1771.

Usihangaike na udongo wala unga wa chumvi ili watoto wachome kabari. Unga wa chumvi haukauki vizuri katika unyevu wa pwani, na maandishi ya Persepolis yamechongwa kwenye jiwe hata hivyo. Ukiwa na muda wa ziada, chora alama 15 za kubuni badala ya namba na ukate mistari ya maandishi mawili mahali tofauti. Hapo watalazimika kugundua upande wa kusomea kama Niebuhr.

Kipindi cha kwanza: hakuna herufi hata moja

Piga marufuku kuandika herufi kwa dakika 40 nzima. Watalalamika. Shikilia.

Anza na mkwaju. Waulize ni nini, wakishajibu kwamba ni mpaka wa maneno, wahesabu maneno: 13 katika andiko la kwanza, 14 katika la pili. Kisha waweke maandishi sambamba, moja chini ya jingine, na wapigie mstari kila neno linalofanana. Wataona kwamba kuanzia neno la 2 hadi la 11 maandishi yote mawili ni yaleyale, hayatofautiani hata alama moja. Tofauti iko mwanzoni na karibu na mwisho. Hii huchukua kama dakika kumi, na kikundi kinachomaliza kwa dakika tatu hakijakagua alama kwa alama, kirudishe.

Kisha cheo. Neno 3-9-14-7-3-9 limetokea mara tatu katika andiko la kwanza na mara nne katika la pili. Tena limetokea mara moja katika kila andiko likiwa na alama mbili mbele yake, 12-7. Waachie wabishane maana ya hizo mbili. Mwenye sikio la Kiswahili atasema ni wingi, kama kadhi na makadhi. Hapo waeleze alichokiona Grotefend: neno la alama 7 likifuatwa na neno hilohilo lililoongezewa alama 4 nyuma. Lugha ile hubadilisha mkia wa neno pale ambapo yetu hubadilisha kichwa. Alielewa kwamba hiyo ni “mfalme wa wafalme” bila kujua sauti ya hata alama moja.

Sasa mhimili wa somo lote. Chora ubaoni visanduku vitatu. Andiko la pili linaanza na mtu wa alama tano, na kuelekea mwisho linataja neno la alama nane likifuatwa na cheo. Neno hilo la alama nane ndilo lililoanzisha andiko la kwanza. Na andiko la kwanza nalo, mahali palepale, linataja neno la alama sita ambalo halifuatwi na cheo. Acha kimya kikae kidogo. Mtu mmoja atasema: babu hakuwa liwali. Kwa hiyo tuna watu watatu, babu asiye na cheo, baba mwenye cheo, mwana mwenye cheo.

Grotefend alipofika hapa alifungua nasaba ya Waakhameni, ukoo wa wafalme wa Uajemi ya kale. Alihitaji mfalme ambaye baba yake hakuwa mfalme na mwanawe alikuwa mfalme. Koreshi na Kambises aliwakataa kwa sababu majina yao huanza kwa sauti moja, ilhali majina mawili aliyokuwa akiyalinganisha yalianza kwa alama tofauti. Koreshi na Artashasta aliwakataa kwa urefu: jina moja fupi mno, jingine refu mno, na aliyokuwa nayo yalikaribiana. Wakabaki Hystaspes asiye mfalme, mwanawe Dario, na Xerxes mwana wa Dario.

Darasa nalo lifanye mchujo wake na kuandika sababu kwa sentensi kamili, maana sababu ndiyo unayoisahihisha. Nasaba yao ina njia tatu zinazoanza na mtu asiye na cheo. Uthman, Ali, Sulaiman: hapana, jina la kati lina alama nane na Ali ana herufi tatu. Uthman, Muhammad, Abdallah: hapana, jina la tatu lina alama tano na Abdallah ana herufi nane. Uthman, Muhammad, Ahmad: sita, nane, tano. Kengele ikilia hapo, umefika pazuri pa kukatia.

Kipindi cha pili: herufi

Kutoka kwa Muhammad peke yake wanapata alama tano: 12 ni M, 5 ni U, 11 ni H, 7 ni A, 2 ni D. Kabla hawajaenda mbele, waweke herufi hizo kwenye jina la mwana, 7-11-12-7-2. Linasomeka Ahmad bila kuhitaji herufi moja mpya. Kisha kwenye jina la babu, 5-1-11-12-7-13: linatoka U, pengo, H, M, A, pengo. Herufi nne kati ya sita zimekaa zenyewe mahali pake, na mapengo yanatoa T na N.

Hapa simama, hata kama darasa linataka kukimbia. Huu ndio ushahidi. Jina moja kukubali kusomeka si ushahidi wa chochote, maana neno lolote la alama nane tofauti tofauti linaweza kulazimishwa. Majina matatu yanayogawana alama zilezile yanabanana. Ukikosea moja, mengine mawili yanavurugika. Mwambie mwanafunzi ajaribu kuweka jina jingine aone linavyokataa. Kwa Grotefend ulinganifu wa aina hii ulitokea kati ya Dario na Xerxes, na zaidi kati ya jina la Xerxes na neno la “mfalme”, ambayo yote mawili huanza kwa alama mbili zilezile, kh na sh.

Yaliyobaki ni mteremko. 12-14-7-13-7 ni M, pengo, A, N, A. Hapo 14 ni W, na 14-7 ni “wa”. Cheo kinakuwa pengo, pengo, W, A, pengo, pengo, na kwa kuwa kinaanza na kumalizikia kwa jozi moja, 3-9, hakuna cheo cha Mombasa kinachoingia isipokuwa liwali. 12-6-9-1-7 ni M, pengo, I, T, A, na mtoto wa mji huu hahitaji msaada kupata Mvita, jina la kale la Mombasa. 12-8-5-15-14-7 ni M, pengo, U, pengo, W, A, yaani mkubwa. Neno la mwisho lina M, A, mapengo mawili, U, I: Mazrui, kama vile maandishi ya Persepolis yanavyotaja ukoo wa Waakhameni.

Kuna kikundi kitakachokuwa kimehesabu alama kwa siri. Kitasema 7 ni A kwa sababu imetokea mara 34 kati ya alama 141, na ni kweli. Waulize inayofuata. Alama 9 imetokea mara 22, 14 mara 19, 12 na 3 mara 18 kila moja. Hesabu haiwezi kuzitenganisha. Katika maandishi mafupi yenye neno moja linalorudiwa, inayohesabika ni tabia ya lile neno, wala si tabia ya lugha. Ndiyo maana waliotangulia kubahatisha kwa wingi wa alama hawakufika.

Alikokosea

Dakika kumi za mwisho zitumie hapa, na usimpake mafuta. Jina la baba wa Dario alilisoma Goshtasp. Waajemi wa wakati ule waliandika Vishtaspa, kwa hiyo g yake ilikuwa v. Alidhani kila alama ni herufi moja kama zetu, kumbe konsonanti nyingi zina irabu ndani yake. Alidhani lugha ni ile ya Avesta. Ni nduguye, si yeye. Mkia wa wingi ambao aliutambua vizuri kwa kazi yake aliukosea kwa sauti, mpaka Rasmus Rask wa Denmark alipoonyesha mwaka 1826 kwamba una n na m. Eugène Burnouf na Christian Lassen ndio waliosahihisha sehemu kubwa ya alama zilizobaki, wote wawili mwaka 1836. Kwa hiyo sentensi “Grotefend alisoma mwandiko wa kikabari”, ikiandikwa kwenye karatasi ya mtihani, ipewe nusu ya alama. Alisoma majina matatu ya watu na vyeo vyao katika mmoja wa miandiko mitatu, na akafungua mlango. Miandiko ile mingine miwili ilisubiri wengine.

Kazi yake iliwasilishwa Göttingen tarehe 4 Septemba 1802, lakini wanazuoni wale hawakuichapisha kikamilifu. Hakuwa profesa wala hakuwa mtu wa lugha za Mashariki. Muhtasari wake ulitoka mwaka 1805 kama nyongeza ndani ya kitabu cha rafiki yake, mwanahistoria Arnold Heeren. Maandishi ya awali yenyewe yalichapwa 1893, miaka 40 baada ya kufa kwake.

Na kuna hili la mwaka 1836. Kijana wa Bremen, Friedrich Wagenfeld, alidai kupatikana kwa maandishi ya historia ya Foinike yaliyopotea tangu kale, ati katika nyumba ya watawa Ureno. Grotefend aliyaandikia utangulizi. Yalikuwa ya kughushi. Mtu aliyekataa kuamini jina moja mpaka majina matatu yakubaliane, aliamini hati nzima ambayo hakuiona kwa macho. Waulize wanafunzi ni hatua ipi kati ya zile za kipindi cha kwanza aliiruka.

Mkitoka nje ya darasa

Makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus yanafaa kwa zoezi la mtindo: tafuteni neno “bin”, jina kabla yake na jina baada yake, kisha tarehe. Ombeni ruhusa kwanza na mvae kwa heshima. Msisugue maandishi kwa chaki, mkaa wala maji. Chokaa ni laini na kila msuguo huondoka na kitu. Nendeni asubuhi mapema jua likiwa chini, au mmulike tochi kwa ubavu, karibu sambamba na ukuta. Mchongo uliochakaa huonekana kwa kivuli chake. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha jumlisha 622: 1253 hutoa kati ya 1837 na 1838. Tarakimu za Kiarabu zinazoleta ugomvi ni 2 na 3, jino moja likifutika zinafanana. Anayenakili asiwe yuleyule anayesoma. Nakala zichukuliwe na wawili kila mmoja peke yake, halafu zilinganishwe.

Mstari wa kujaribia

Huu uweke mfukoni, uwape mwishoni kabisa bila neno:

10-7-16-11-9-2 / 3-9-14-7-3-9 / 12-14-7-13-7 / 14-7 / 16-7-3-9-12 / 3-9-14-7-3-9 / 12-7-4-10-5-9

Grotefend aliupata mtihani wa aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1820. Huko Paris kulikuwa na chupa ya alabasta, mali ya zamani ya mkusanyaji Caylus, yenye jina moja kwa kikabari na kwa maandishi ya Misri. Champollion alilisoma upande wa Misri kwa ufunguo wake mwenyewe, na likawa jina lilelile, Xerxes.

Alama 16 ni mpya. Kikundi chenye ufunguo sahihi kitapata R, A, pengo, H, I, D kwa liwali wa kwanza, na pengo, A, L, I, M kwa baba yake, na herufi moja itaziba mapengo yote mawili. Kitakachopata kitu kingine kirudi kwenye neno la 12 la andiko la kwanza; kosa kwa kawaida liko hapo.